UZI: Mizani ya desimali nne na kwa nini irekebishwe hapo hapo ilipowekwa (watu wa maabara Arusha na Moshi, karibuni)

Mpima_Maji (mwenye uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Niko maabara ya maji hapa Arusha. Kazi yetu kubwa ni floraidi (madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi), maana aliyekulia chini ya Mlima Meru hahitaji kuelezwa maji yetu yana nini. Ataona kwenye meno ya majirani. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huwa wanakiogopa sana kifaa cha kusomea floraidi. Wanakisomea kitabu chake, wanauliza maswali mazuri. Mizani iliyopima chumvi ya kutengenezea myeyusho wa kulinganishia hawaiulizi chochote. Wanaweka, wanasoma, wanaandika. Wakati namba zote za siku hiyo, za visima vyote, zinasimama juu ya ile namba moja ya mizani.

Kwa hiyo leo tuizungumzie mizani yenyewe, hasa ya desimali nne, yaani inayosoma mpaka 0.0001 g.

Jambo la kwanza, na wengi hawalijui: mizani ya kisasa ya maabara haipimi tungamo, yaani kiasi cha kitu chenyewe. Ndani yake kuna koili ya waya iliyokaa katikati ya sumaku. Ukiweka kitu, sahani inashuka kidogo sana, kihisi kinaona imeshuka, umeme unaongezwa kwenye koili mpaka sahani irudi pale pale ilipokuwa. Umeme uliotumika ndio unaogeuzwa kuwa gramu. Maana yake mizani inapima nguvu ambayo dunia inakivuta hicho kitu, na dunia haivuti sawasawa kila mahali. Mizani za zamani za sahani mbili hazikuwa na tatizo hili, kwa sababu mvutano ukipungua, unapungua pande zote mbili kwa pamoja.

Mvutano ni mkubwa zaidi ukikaribia ncha za dunia, mdogo ukikaribia ikweta, na unapungua tena kadiri unavyopanda juu. Ujerumani, ambako mizani nyingi nzuri hutengenezwa, ni karibu 9.81 m/s². Arusha tuko digrii tatu na kitu kusini mwa ikweta, mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hapa ni karibu 9.78. Kwa macho ni tofauti ndogo. Sasa chukua mizani iliyorekebishwa kule kiwandani, itoe kwenye boksi, iwashe hapa bila kuirekebisha (yaani kuilinganisha na jiwe la uzito unaojulikana), weka jiwe la 200 g. Itakuonyesha kama 199.3. Mizani ya desimali nne, imekosea kuanzia desimali ya kwanza! Na itakuonyesha hiyo namba kwa utulivu kabisa, haitetereki wala haitoi onyo lolote.

Hata ikitoka Dar tu kuja Arusha, jiwe hilo hilo la 200 g litapungua makumi ya miligramu. Ukiipakia Moshi mjini ukaileta Arusha, unapanda mita zaidi ya 500, na 100 g inapoteza kama miligramu 10. Ukiihamisha kutoka chini kwenda ghorofa ya juu, mita 10 hivi, 200 g inapoteza zaidi ya nusu miligramu, na mizani ya desimali nne inaliona hilo vizuri.

Ndiyo maana nasema mizani irekebishwe pale pale itakapofanyia kazi, kwa jiwe la mizani lenye cheti, na kila ikihamishwa irekebishwe upya. Hata ikihamishwa meza tu.

Nitaendelea chini na mambo ya meza, joto na upepo. Wenye maabara za shule, za kahawa, za vito, semeni na ninyi mnavyofanya.

---

Mpima_Maji

Naendelea.

Mahali pa kuiweka. Mizani haitaki dirisha, haitaki mlango, haitaki feni wala kiyoyozi kinachopuliza upande wake. Iweke kwenye kona ya chumba cha chini, kwenye meza nzito. Bamba la terazo au la granaiti juu ya nguzo mbili za matofali linashinda meza nyingi za duka, ilimradi lisigusane na meza wanayoegemea watu. Maabara zilizo kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha mnajua lori likipita inakuwaje: desimali ya mwisho inacheza. Subiri lipite.

Usawa. Angalia kiputo cha pima maji kila asubuhi kabla ya jambo lolote. Zungusha miguu ya mizani mpaka kiputo kikae katikati ya duara. Mizani iliyoinama inapokea sehemu tu ya uzito, na kosa linakua kadiri kitu kinavyokuwa kizito.

Umeme. Mizani ikizimwa inapoa, na ikiwashwa inahitaji muda ndani yake pafikie joto moja. Soma kitabu chake. Nyingine zinataka nusu saa, za desimali nne mara nyingi zaidi ya hapo, na za desimali tano zinataka saa nyingi. Sisi hatuizimi. Umeme ukikatika na kurudi, tunaihesabu kama mizani iliyowashwa sasa hivi hata kama skrini inaonyesha 0.0000 safi. Kama mna uwezo wa kununua UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) moja tu kwa maabara nzima, ningeiweka kwenye mizani kabla ya kompyuta.

Joto la kitu chenyewe. Hili limeharibu majibu mengi kuliko upepo wa dirishani. Kitu cha moto kinapasha hewa iliyo karibu nacho, hewa inapanda, inakiinua kitu na kuipunguzia mizani mzigo. Kinasoma pungufu, kisha namba inapanda pole pole kadiri kinavyopoa. Kitu cha baridi kilichotoka kwenye friji kinafanya kinyume chake, na juu ya hapo unyevu wa chumbani unaganda juu yake. Kwa hiyo kitu kikae kwenye desiketa (chombo chenye mfuniko kinachozuia unyevu), kisha kipimwe kikiwa na joto sawa na la chumba. Ukigusa kikombe kwa mkono ukahisi uvuguvugu, bado.

Na mikono. Kidole kinaacha mafuta na jasho ambalo desimali ya nne inalisoma. Tumia kibanio au glavu. Usiingize mkono wote ndani ya kile kibanda cha vioo, mkono una joto na mvuke. Fungua mlango wa pembeni kidogo tu, weka, funga, subiri alama ya utulivu, ndipo usome.

---

Mwl_Kemia_Moshi

Mkuu asante sana kwa somo. Mimi nafundisha kemia kidato cha tano na sita huku Moshi. Mizani yetu ni ya desimali mbili, na ndiyo hiyo moja tunayotayarishia myeyusho wa praktiko ya asidi na besi kwa wanafunzi wote. Napima 5.30 g za sodiamu kaboneti kavu kwa lita moja kupata 0.05 M (moli kwa lita), na 4.00 g za sodiamu haidroksaidi kupata 0.1 M. Swali langu: kwa desimali mbili, natakiwa kuwa na wasiwasi kiasi gani? Na wenzangu wanasema shule iombe ya desimali nne.

---

Mpima_Maji

Mwalimu, shikamoo. Swali lako ni zuri na jibu lake linakufaa.

Kwa 5.30 g, desimali mbili zinatosha kabisa kwa praktiko ya shule. Mizani ikitetereka 0.01 g, kosa lako halifiki hata 0.2%. Mwanafunzi anayesoma bureti anakosea zaidi ya hapo. Kinachoweza kukuharibia hapo ni unyevu. Sodiamu kaboneti iliyokaa wazi kabatini inanyonya maji kutoka hewani, na mizani haijui kutofautisha chumvi na maji, inakuhesabia vyote. Ikaushe kwenye oveni, iache ipoe ndani ya desiketa, ndipo upime. Kama chupa imeandikwa kuwa ina maji ya fuwele, hesabu yako ya 5.30 haifai tena, maana hiyo ni ya chumvi kavu, gramu 106 kwa moli.

Sodiamu haidroksaidi ni habari nyingine. Ile inavuta maji na kaboni dayoksaidi ukiwa umeishika kijikoni. Ukiitazama kwenye sahani unaona namba inapanda bila kuongeza kitu. Hata upewe mizani ya desimali sita, hutapata namba ya kweli. Pima haraka kama 4 g, yeyusha ikiwa ndani ya bika, kisha itafute nguvu yake halisi kwa kuipambanisha na asidi unayoijua au na potasiamu haidrojeni thalati iliyokaushwa. Namba ya mizani hapo iwe ya makadirio tu.

Kuhusu kuomba ya desimali nne: kabla ya hapo ningeomba jiwe moja la mizani la 100 g la daraja la F1 lenye cheti. Jiwe la daraja hilo linaruhusiwa kukosea nusu miligramu tu, ndogo mno kwa mizani yako ya desimali mbili. Hata la M1, linaloruhusiwa kukosea miligramu 5, lingewatosha. Mizani nzuri isiyo na jiwe la kuijaribu huwezi kuitetea mbele ya mtu.

---

Mama_Kahawa

Habari zenu wakubwa. Mimi niko upande wa kahawa huku Moshi. Hilo la joto limenigusa kabisa. Sisi tunapima unyevu wa kahawa mbichi kwa kukausha oveni, 105 °C kwa saa 16, kisha tunapima tena. Kuna wakati sampuli zile zile zilikuwa zinatoa unyevu tofauti kati ya zamu ya asubuhi na ya mchana. Mpima_Maji, inawezekana ni mizani?

---

Mpima_Maji

Dada, inawezekana kabisa, ila ningeanzia kwenye desiketa kabla ya mizani.

Fuatilia hesabu. Umeweka 10 g za kahawa, imetoka oveni imepoteza 1.15 g, unyevu ni 11.5%. Sasa zamu moja ina haraka, inapima visahani bado vina joto. Vinasoma pungufu. Inaonekana kama maji mengi zaidi yametoka, kwa hiyo unyevu unapanda kwenye karatasi wakati kahawa ni ile ile. Zamu nyingine inaviacha mezani vipoe hewani bila desiketa. Kahawa kavu inanyonya unyevu mara moja, inaongezeka uzito, unyevu kwenye karatasi unashuka. Zamu mbili, makosa mawili yanayokwenda pande tofauti, na mtu anayeuza kahawa kwenye mnada hajui lolote kati ya hayo.

Angalieni pia silika jeli yenu. Ile ya bluu ikiwa ya waridi imeshiba, haikaushi kitu tena. Irudisheni oveni mpaka iwe bluu. Ya rangi ya chungwa inageuka kijani. Desiketa yenye silika iliyoshiba ni sufuria yenye mfuniko tu.

Halafu pimeni kisahani kitupu kwa utaratibu ule ule: kioshwe, kikaushwe oveni, kipoe kwenye desiketa, kipimwe. Kikipimwa kitupu kikiwa na unyevu na kupimwa na kahawa kikiwa kikavu, tofauti hiyo yote inaingia kwenye jina la kahawa.

---

Mama_Kahawa

Silika yetu ni ya waridi kama ua. Asante kaka, kesho inaingia oveni.

---

Wa_Mirerani

Mimi sio mtu wa maabara, ni dalali wa vito hapa Arusha, lakini mizani ndio maisha yangu. Naomba kuuliza. Nanunua jiwe la tanzanaiti Mirerani, mizani ya kule inasema karati 10.00. Nikifika Arusha kwa mnunuzi inasema 9.97. Pointi tatu kwa bei za jiwe zuri si pesa ndogo. Kwa ulivyoeleza hapo juu, ni huu mwinuko? Maana Mirerani iko chini kuliko Arusha.

---

Mpima_Maji

Kaka, karibu sana. Tuhesabu pamoja uone.

Karati moja ni 0.2 g, kwa hiyo jiwe lako ni 2 g. Mizani yenu inasoma pointi moja, yaani 0.01 ya karati, ambayo ni miligramu 2. Kutoka Mirerani kuja Arusha mvutano unapungua kama sehemu moja katika 10,000. Kwa jiwe la 2 g hiyo ni 0.2 mg, moja ya kumi ya pointi moja. Mizani yako haiwezi hata kuiona. Kwa hiyo mwinuko kati ya Mirerani na Arusha umeondoka kwenye kesi.

Lakini kuna njia nyingine ambayo mwinuko ungeweza kuingia. Kama mizani ya mnunuzi wako ilirekebishwa kiwandani Ulaya na haijawahi kurekebishwa hapa, tofauti ni sehemu 3 hadi 4 katika 1,000, na kwa karati 10 inakuja pointi 3 au zaidi. Ndiyo namba yako hiyo! Sisemi ndicho kilichotokea, maana kuna mambo mengine: vumbi na mafuta ya mkono kwenye jiwe, betri inayokufa, mizani ndogo iliyowekwa kwenye meza inayotikisika au chini ya feni. Yote yanachukua pointi.

Njia ya kujua ni moja. Nunua jiwe lako la mizani, la 10 g au 20 g, lenye cheti, litembee na wewe kwenye kiboksi chake. Ukifika kwa mnunuzi, muombe kwa heshima aliweke kwenye mizani yake mbele yako kabla ya kito. Namba itaongea, na hakuna atakayekuwa amemtuhumu mwenzake. Na kwa kuwa mnatumia mizani kwa biashara, ikaguliwe na Wakala wa Vipimo iwe na stika yake. Hiyo ni sheria.

Nikuongezee kitu kimoja ambacho mizani hiyo hiyo inaweza kukufanyia. Pima kito hewani, kisha kipime kikiwa kimening'inia ndani ya maji kwa uzi mwembamba au kikapu kidogo cha waya. Tuseme hewani ni 2.010 g, ndani ya maji ni 1.410 g. Tofauti ni 0.600. Gawa 2.010 kwa 0.600 unapata 3.35, na tanzanaiti inakaa hapo. Spineli inakuja karibu 3.6, yakuti ya bluu inakuja 4.0. Hakikisha hakuna kiputo cha hewa kilichoshikamana na jiwe. Tone la sabuni kwenye maji linasaidia. Kikapu chenyewe kirudishwe sifuri kikiwa ndani ya maji kwa kina kile kile. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, maana vioo vinatengenezwa kwa densiti nyingi, ila jiwe likikupa 2.6 halafu mtu anasema ni tanzanaiti, rudisha pesa mfukoni.

---

Wa_Mirerani

Aisee. Miaka yote nimekuwa nikibishana na watu kumbe jiwe la gramu 20 lingemaliza maneno. Ubarikiwe.

---

Pipeti_Moja

Samahani mkuu, naona unakazia sana kurekebisha kwa mkono. Mizani yetu ya hospitali ina jiwe lake ndani, inajirekebisha yenyewe joto la chumba likibadilika au muda ukifika. Si tumemaliza hapo?

---

Mpima_Maji

Mdogo wangu, mmepata kifaa kizuri na hilo la mwinuko limekwisha kwenu, kweli. Lakini mizani kujirekebisha ni kujisahihisha kwa jiwe lake yenyewe, ambalo hulioni na hulisafishi. Kama hilo jiwe lina tatizo, au sahani imepinda, au kuna uchafu umekwama chini yake, mizani inajisahihisha kwenye kosa na kuendelea. Kwa hiyo jiwe la nje bado linahitajika. Asubuhi liweke, soma, andika kwenye daftari, usirekebishe kitu. Ukiandika kila siku utaona namba inapanda au inashuka pole pole wiki nzima kabla haijavuka mpaka, na hapo ndipo unapoita fundi mapema.

Kuna majaribio mawili ambayo jiwe la ndani haliwezi kukufanyia. La kwanza ni kurudia: weka jiwe lile lile, ondoa, rudisha sifuri, weka tena, mara 10. Tazama namba zinavyotawanyika. Mtawanyiko huo ndio unaokuambia kiasi kidogo kabisa unachoruhusiwa kupima. Kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani, USP, kwenye sura yake ya 41 kinataka mtawanyiko ukizidishwa mara mbili usizidi 0.10% ya unachopima. Ukifuata hesabu yake mpaka mwisho, mizani ya desimali nne, hata iwe bora namna gani, isipime chini ya miligramu 82. Ya desimali tatu isipime chini ya 0.82 g. Ya desimali mbili, 8.2 g. Kazi isiyo ya dawa inaweza kulegeza kiwango, lakini ujue unalegeza kiasi gani.

La pili ni la pembe, nitalieleza baadaye kama kuna atakayehitaji.

Hapa naomba nirudi kwenye floraidi yetu, maana hapa ndipo hesabu inapouma. Myeyusho wa 100 mg kwa lita unahitaji 0.2210 g za sodiamu floraidi kavu kwa lita moja. Mtu mwenye mizani ya desimali mbili atapima 0.22 na kufurahi. Kumbe kule kukadiria desimali ya mwisho peke yake kunaleta kosa la zaidi ya 2%, na mizani ikitetereka 0.01 inafika 4 na nusu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye 1.46 na chenye 1.54 kiko upande gani wa mstari, kama msingi wako unayumba hivyo? Kijiji kinaambiwa kinywe au kisinywe kwa namba hiyo.

Dawa yake haihitaji pesa. Pima 2.210 g kwa lita, upate 1,000 mg kwa lita, kisha chukua ml 100 kwa pipeti (mrija wa kupimia ujazo) nzuri ujaze mpaka lita moja. Kosa la mizani limepungua mara 10 kwa sababu umepima kitu kikubwa zaidi. Popote unapotaka kupima kidogo, jiulize kwanza kama unaweza kupima kikubwa na kuchanganya na maji. Na hifadhi kwenye chupa ya plastiki, floraidi inakula kioo.

---

Pipeti_Moja

Nimekuelewa kaka. La mwisho kutoka kwangu: tunakagua pipeti zetu kwa kupima maji. Ml 1 inasoma chini ya 1.0000 kila siku. Tumekuwa tukidhani pipeti zimechoka.

---

Mpima_Maji

Usizitupe! Maji ya 20 °C yana densiti 0.9982, ya 25 °C ni 0.9970. Halafu hewa inayazunguka maji inayainua kidogo, kuliko inavyoliinua jiwe la chuma lililotumika kurekebisha mizani, kwa kuwa maji yanachukua nafasi kubwa zaidi kwa uzito ule ule. Usawa wa bahari hiyo ni kama miligramu 1.05 kwa kila gramu ya maji. Hapa Arusha hewa ni nyepesi, ni kama 0.9. Kwa hiyo ukipima maji ya 20 °C hapa, zidisha gramu kwa 1.0027 kupata ml. Kwa 25 °C ni 1.0038. Unaona joto la maji lina uzito kuliko mwinuko, kwa hiyo kipimajoto kiwe ndani ya maji yale yale, kisiwe ukutani. Na pima haraka, maji yanakauka ukiyatazama.

---

Kijana_wa_Ngaramtoni

Wakubwa shikamooni. Nilisikia kilo ilibadilishwa mwaka 2019. Mawe yetu ya mizani ya zamani bado yanafaa?

---

Mpima_Maji

Marahaba. Yanafaa. Zamani kilo ilikuwa silinda moja ya platinamu na iridiamu iliyotunzwa Sèvres karibu na Paris. Tangu 20 Mei 2019 inatokana na namba ya Planck, kitu cha asili kisichopungua kwa kufutwa vumbi. Mabadiliko yalifanywa kwa uangalifu ili kilo ya jana na ya leo zilingane. Jiwe lako halikuguswa. Unachotakiwa ni kulipeleka likaguliwe kila muda wake; TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wana maabara ya ugezi, yaani ya kukagua vipimo, Dar es Salaam.

---

Mama_Kahawa

Na ile mizani kuhangaika kiangazi? Namba inazunguka hata milango imefungwa, tunatumia visahani vya plastiki.

---

Mpima_Maji

Huo ni umeme tuli dada. Hewa ikiwa kavu, plastiki ikisuguliwa na glavu inabeba chaji, inavutana na vioo vya mizani, na mizani inasoma huo mvuto kama uzito. Tumia kisahani cha kioo au cha karatasi ya aluminiamu, usikifute kwa kitambaa kikavu muda mfupi kabla ya kupima, na weka beseni la maji chumbani hewa ipate unyevu kidogo. Dalili nyingine inayofanana na hiyo ni sumaku: mtu akisahau kile kipande cha sumaku cha kukorogea ndani ya bika, mizani inaweza kusoma namba ya ajabu kabisa na kutulia hapo.

---

Mwl_Kemia_Moshi

Nimerudi. Tumeazima jiwe la 100 g kutoka maabara ya jirani na tumelijaribu leo na wanafunzi. Katikati ya sahani 100.00. Nyuma kushoto 100.00, nyuma kulia 99.99, mbele kushoto 99.99, mbele kulia 99.93. Tumerudia, ni vile vile. Hilo ndilo jaribio la pembe ulilotaja?

---

Mpima_Maji

Ndilo hilo Mwalimu, jiwe moja lisome sawa popote litakapokaa kwenye sahani, na wanafunzi wako wamefanya kazi ya maana leo.

Anza na kiputo cha pima maji. Kama hakipo katikati, sawazisha, subiri, rudia pembe zote. Kisha zima, inua sahani, angalia chini yake upande wa mbele kulia. Kwenye maabara za shule mara nyingi kuna chembe za chumvi zimeganda pale, au sahani haijakaa vizuri kwenye vishikizo vyake. Safisha kwa brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo, usimwage maji. Rudisha sahani kama ilivyokuwa, iwashe, ipe muda, pima tena.

Ikibaki 99.93, usijaribu kukaza skrubu zozote za ndani, hiyo ni kazi ya fundi wa mizani. Ila mizani haijafa. Katikati inasoma sawa, kwa hiyo chora duara dogo katikati ya sahani kwa kalamu isiyofutika, na kila bika likae ndani ya duara hilo. Jiwe la jirani likirudi kwao, andika namba za leo zote tano kwenye karatasi na uibandike ukutani juu ya mizani pamoja na tarehe, ili fundi akija aone tatizo lilianzia wapi. Utuletee majibu hapa.